Udongo Ulionidondoka Siku ya Posa

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia nasikia masikio yanawaka moto, lakini bora niiseme mwenyewe kuliko muisikie kwa watu wa Kahama, maana wao wameongeza chumvi mpaka wanasema eti nilizimia kwenye sufuria la wali. Sikuzimia kwenye sufuria. Nilizimia kwenye mapaja ya baba mkwe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nafundisha darasa la pili kwenye shule ya kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Kahama mjini, nina miaka ishirini na mitatu na nimechoka. Sisemi ule uchovu wa mtu aliyetoka kulima, ambao ukilala unakwisha. Mimi nilikuwa nalala nimechoka na kuamka nimechoka zaidi, nikipanda ngazi tatu za ofisi ya walimu nashika ukuta, nikiandika ubaoni mkono unakuwa mzito kama nimebeba jiwe la kusagia. Siku moja niliwapa watoto hesabu nikakaa kidogo, nilipofumbua macho darasa lilikuwa limeshatoka kwenda kunywa uji na mmoja wao alikuwa amenifunika kwa sweta lake. Wakanibatiza Mwalimu Sinzia.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mwalimu mkuu alisema ni uvivu, jirani yetu alisema nimetupiwa kitu, mama akasema ni malaria akaninywesha vile vidonge vichungu mpaka mwili mzima ukaniwasha nikawa najikuna mbele ya wanafunzi. Mimi mwenyewe nilijitibu kwa chai ya rangi, nzito, asubuhi na mchana na jioni, tena pamoja na chakula, nikiamini inanipa nguvu. (Ningejua!)

Na nilikuwa na siri. Nilikuwa nakula udongo. Ule udongo mgumu wanaouita pemba, unaouzwa sokoni kwa mafungu, ambao kila mtu anajua ni wa wajawazito, nami sikuwa mjamzito wala sikuwa na dalili ya kuwa, ila nikisikia harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi mate yananijaa mdomoni kama mtoto aliyeona andazi. Nilikuwa nikinunua namwambia muuzaji ni wa dada yangu. Nyumbani nauficha chini ya godoro, naumega kama karanga.

Basi, nilikuwa na mchumba. Aliitwa Shija, fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Rwamgasa, Geita, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi isiyotoka. Mara ya mwisho alikuja kuniona Krismasi, baada ya hapo tukawa tunaandikiana barua, na mwezi wa saba, watu wameshavuna mpunga, akaleta wazee wake kwa ajili ya posa. Walikuja na pikapu ya kukodi: baba yake Mzee Masalu, shangazi yake Nkwimba (mama mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu), mshenga, na Shija mwenyewe amevaa suti iliyombana kwapani.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Wakati navaa nikawaza, je nguvu zikiniishia mbele ya wageni? Nikachukua kipande kimoja tu cha pemba, kama kidole gumba, nikakifunga kwenye pindo la khanga kiunoni. Uamuzi wenyewe ni huo. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye lile fundo.

Kazi niliyopewa na mama ilikuwa ya heshima: kupiga magoti na kuwanawisha wageni mmoja mmoja kabla ya chakula. Nilikuwa sijala tangu asubuhi kwa wasiwasi, chai tu. Nikaanza na Mzee Masalu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Sikumjibu kama sijambo, kwa sababu moyo ulianza kunipiga masikioni, pu-pu-pu, nikaiona mikono yake miwili, halafu nikaiona minne, nikajiuliza sasa nimwagie ipi.

Nilipopata fahamu shavu langu lilikuwa juu ya paja la mzee, jagi limepinduka, na suruali yake ya kaki imelowa mahali ambapo mtu mzima hapaswi kuonekana amelowa. Wote walikuwa wamekodoa macho. Nikadhani wanashangaa maji, kumbe hawakuwa wanatazama maji. Fundo la khanga lilikuwa limefunguka, pemba yangu imebiringika sakafuni mpaka miguuni kwa shangazi Nkwimba, naye ameiokota, ameinusa, ameimega kwa ukucha.

"Binti," akaniuliza taratibu, "imekuanza lini hali hii?"

Nami kichwa bado kinazunguka, nikadhani ananionea huruma kwa uchovu wangu, nikamjibu kwa moyo mweupe, "Tangu mwezi wa tatu, shangazi."

"Nani anajua?"

"Hakuna anayejua. Nilikuwa nawaficha."

Mayu wee! Nilipoona mama ameshika mdomo kwa mikono miwili ndipo nikaelewa nimeulizwa nini na nimejibu nini. Nikamtazama Shija. Alikuwa anahesabu miezi kwa vidole, namwona kabisa, kidole baada ya kidole, na ilipofika mwezi wa tatu akakunja ngumi na kuinamisha kichwa.

"Sina mimba!" nikapiga kelele.

"Na udongo?" baba yangu akauliza. Sauti yake sijapata kuisikia vile.

"Naupenda tu."

Kati ya majibu yote duniani, nikatoa hilo. Mzee Masalu akainuka, maji yanamchuruzika, akachukua kofia yake. Shangazi akaniwekea kile kipande cha udongo mkononi, akakifunika na vidole vyangu kama anayenipa zawadi, akatoka. Shija akapita mbele yangu akapanda pikapu. Wanawake waliokuwa wanapika uani wote walikuwa wamejaa mlangoni na miiko mkononi, na wali ukaungua, harufu ya ule wali naikumbuka mpaka leo. Baba alisema jambo moja tu: "Milembe, umeniua mbele za watu." Akaacha kusema na mimi.

Kabla pikapu haijafika barabara kuu kijiji kizima kilikuwa na habari. Kanisani Jumapili benchi letu lilibaki na nafasi pande zote mbili. Jumatatu mwalimu mkuu akaniita akanitaka niandike maelezo, na mimi sikujua niandike nini, maana hata mimi nilishaanza kujishuku (naapa, nilihesabu siku zangu mara tatu, kana kwamba mimba inaweza kuingia kwa njia ya posta).

Mama ndiye aliyenipeleka hospitali mjini siku ya pili yake. Alimnong'oneza daktari, lakini mnong'ono wa mama husikika hadi geti la hospitali: "Mpime tu tujue ni ya miezi mingapi." Yule daktari, kijana mwenye miwani, hakugusa tumbo. Alinivuta kope la chini akatazama, akaniambia nifungue viganja, akatazama kucha, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "damu yako umeipeleka wapi?"

Akataka damu, mkojo na choo. Choo chenyewe kililetwa kwenye kibiriti, kama tulivyofanya enzi zile, na nikiwa kwenye foleni nimekishika mgongoni, nani aje kunipa mkono? Mama wa mwanafunzi wangu. Nilihamisha kibiriti mkono wa kushoto nikamsalimia kwa tabasamu ambalo halijapata kutoka tena usoni mwangu.

Majibu tulisomewa mchana. "Mimba hakuna," daktari akasema. "Minyoo ya safura ipo, tena mingi. Damu yako haifiki hata nusu ya inayotakiwa. Nashangaa umewezaje kusimama darasani."

 Mama alikuwa ameshazoea habari ile nyingine siku tatu nzima, amelia, amekasirika, nadhani hata jina alishalifikiria. Akauliza polepole, "Kwa hiyo mjukuu wangu ni minyoo?"

Daktari hakucheka, Mungu ambariki. Alitueleza kwamba minyoo hiyo huingilia nyayoni, kwenye tope na udongo uliochafuliwa na vinyesi, na mimi tangu utoto nimepandikiza mpunga kwenye majaruba miguu mitupu; inakwenda kujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kila siku, na damu ikipungua sana mwingine hushikwa na hamu ya kula udongo. Na chai ile niliyokuwa nameza pamoja na chakula ilikuwa inauzuia mwili usichukue madini ya chuma yanayotengeneza damu.  Dawa yangu ndiyo iliyokuwa inaniongezea ugonjwa!

"Mwingine angekuja na uchovu huu huu ningekuta kisukari," akasema, "au malaria, au mtu halali usingizi wa kutosha, au ana huzuni moyoni. Ndiyo maana tunapima, mama. Hatubahatishi."

Tukapewa dawa ya minyoo ya nyumba nzima, na mimi vidonge vya kuongeza damu vya miezi mitatu. Nile maharage, matembele, dagaa, maini yakipatikana, na chungwa baada ya chakula. Chai ningoje saa nzima au zaidi. Na jarubani nisiingie tena bila viatu.

Baba nilimsomea ile karatasi uani. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akainuka akachukua baiskeli akaenda, akarudi jioni na mabuti ya mpira, ameyafunga kwenye keria ya baiskeli, akayaweka mlangoni kwangu. "Jaribu kama yanakutosha," akasema. Yalikuwa makubwa. Sikumwambia. Niliyavaa na soksi mbili nikalia humo ndani.

Wiki ya sita hivi niliamka asubuhi nikakaa kitandani nikishangaa, nasubiri ule uzito uje, haukuja. Nikatoka nikateka maji, nikafagia uwanja, nikarudi nikamuuliza mama, "Kumbe watu wote huamka hivi?" Kumbe ulikuwa unanidhulumu miaka, si tangu mwezi wa tatu tu.

Mwezi wa kumi akaja mgeni peke yake, kwa basi kutoka Geita: shangazi Nkwimba. Mama alimpa kiti kwa shida. Nilidhani amekuja kuomba radhi, nikajiandaa kununa, lakini aliniomba tuingie jikoni akasukuma mlango.

"Hujajiuliza nilijuaje upesi vile kuwa ni pemba?" akasema. "Kuinusa tu?"

Nikampa kigoda.

"Udongo naula mwaka wa kumi na moja huu, na sina mimba wala mume, ila siku ile niliogopa kusema." Akavuta kope lake la chini. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. "Mshenga wetu alituletea habari ya safura yako. Nipeleke kwa huyo daktari, mwanangu. Peke yangu naona aibu."

Nilimpeleka. Nilikaa naye kwenye foleni, yeye ameshika kibiriti chake, na njiani kurudi akaniambia Shija yuko tayari kuanza upya, nimpe jibu. Nikamwandikia barua fupi. Sikuwa na hasira, lakini siku ile alipita mbele yangu nimepiga magoti kwenye maji, akapanda gari bila kuniuliza swali hata moja, hata kama ninaumwa. Shangazi alipeleka ile barua mwenyewe, na alinitembelea mara nyingi baada ya hapo kuliko ambavyo angenitembelea kama ningeolewa kwao.

Mimi nimeapa sitaficha tena ugonjwa kwa kuogopa watu watasema nini. Maana niliuficha, na walisema vilevile, tena walisema nimezaa mapacha.