Mama Amechagua Chakula cha Siku Nzima

Leo mama yangu ametunyamazisha sote hapa Kitale, bana!

Tumetoka Chwele kuleta watoto kwa ile risoti ya bembea na kuogelea. Mapokezi wakauliza: kiingilio pekee, ama pamoja na chakula cha siku nzima?

Nikajibu haraka, "Mama hali sana. Chai itamtosha."

Mama akanitazama. "Mimi nataka hiyo ya siku nzima."

Si tulicheka!

Mezani akala chapati moja na samaki kidogo. Lakini hakuinuka. Kila mhudumu alipopita, "Niongezee chai, mwanangu."

Nikamuuliza, "Mama, bado hujashiba?"

"Nimeshiba kitambo. Nimekaa tu nisikie vile watu husikia wakipikiwa."

Huyu mama amepikia harusi na matanga ya kijiji kizima.

Sema ukweli, mama yako alipikiwa lini?