Mtungi Uliooshwa

Mtungi wa mama ulikuwa haunawi. Ndivyo alivyosema mwenyewe, haunawi, kama anamzungumzia mtu. Pombe ikiisha anaupitishia maji kidogo, anauzungusha, anayamwaga kwenye mgomba, kisha anaufunika kwa ungo na kuuacha kivulini. Chini kabisa kulikuwa na utando wa kijivu kama ukoko wa uji. Utando huo ndiyo chachu yake. Aliupata kwa mama yake, naye kwa mama yake, huko juu bara, kabla hawajashuka kuja kukaa Quionga na watu wa pwani.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini pombe nilisoma mpaka mwisho. Mtama unauloweka siku mbili, unaufunga kwenye gunia, unaufunika majani ya mgomba mpaka uote vimeno vyeupe. Unauanika, unausaga, hicho ndicho kimea. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe mpaka kidole kisilalamike, unatia kimea. Kesho yake ni togwa, tamu, hata jirani zetu Waislamu walikuwa wanakunywa. Unaipika tena, unaipooza, unaimimina kwenye mtungi. Hapo mkono wako umekwisha, kazi iliyobaki ni ya mtungi.

Mama alikuwa anaweka sikio ubavuni mwa mtungi, amefumba macho. "Wanaongea," anasema. Nami naweka sikio upande wa pili. Ndani kunachakarika taratibu, kama kaa wadogo wengi wanatembea juu ya majani makavu. Nyuso zetu zilikuwa karibu hata pumzi yake naisikia. Sijapata kukaa na mtu karibu kama vile, hata na waume walionioa.

Vijana wenye bunduki walipoingia, tulikimbia mchana, sufuria ikiwa jikoni. Wengine wao niliwajua. Mmoja ni mwana wa muuza chumvi wa hapa hapa, niliyempa togwa akiwa hajaota meno ya mbele. Jina lake siliandiki, lakini mama yake anajua kwamba najua. Wa pili ninayemshitaki ni shefe, mkubwa wa mtaa wetu. Alipakia jamaa zake kwenye gari, akatuambia limejaa. Ndani nilimwona mbuzi, tena wawili. Mama akatembea siku nne na goti lake bovu, akafika kambini huko juu, hakusimama tena.

Wa tatu ni kaka yangu, wa tumbo moja. Mama alikufa mimi nikiwa nimekwenda kulima kibarua kijiji cha pili. Niliporudi nilikuta udongo umeshakauka juu yake. Nikamwuliza kaka, na pombe? Akanijibu, "Pombe ya nini? Watu hawana hata maji ya kunawa."

Nyumbani kwetu mtu akishazikwa hupikiwa pombe. Kata ya kwanza inamwagwa chini, pale alipokuwa anakaa. Ya pili anaonja mkubwa wa kike wa ukoo, aseme kama ni mkono wa marehemu. Akisema ndiyo, msiba umeondoka. Asiposema, mnabaki nao. Mimi nilibaki na wa mama miaka yote ya kambini, na nilijua dawa yake ni moja tu, nirudi Quionga niupate mtungi.

Nilirudi. Nyumba ilikuwa majivu yaliyoota magugu, mtungi haupo. Nimesimama pale, jirani yetu akaja mbio akicheka, yule muuza vitumbua, mtu wa pwani asiyejua ladha ya pombe. Wao walirudi kabla yetu. Namwita dada kwa sababu amenizidi umri.

"Njoo uone nilichokutunzia, mdogo wangu."

Uani kwake mtungi wa mama ulikuwa umekaa juu ya kata ya majani, mwekundu kama umetoka kuchomwa leo, umejaa maji, umefunikwa kitambaa cheupe.

"Niliukuta kwenye majivu yenu," akasema. "Nimeusugua siku tatu. Mchanga, majivu, sabuni, ndimu. Kuna uchafu ulikuwa umegandamana huko chini, niliukwangua kwa kisu. Sasa hata wa kutilia udhu unafaa."

Nikatia mkono ndani. Chini kulikuwa laini kama kiganja cha mtoto. Nikamwambia, "Umemuua mama mara ya pili."

Tabasamu lake lilibaki usoni kidogo, kama nguo iliyosahauliwa kambani. Mumewe alikuwa pembeni anachonga mpini wa jembe. Huyu ndiye aliyekuwa akipita mbele ya uwanja wetu anajiziba pua kwa ncha ya kanzu. Akasema bila kuinua kichwa, "Jambo la pombe Mungu ameliondoa mwenyewe, shemeji." Naye nikamtia kwenye hesabu ya watu ninaowashitaki. Nikaubeba mtungi, nikaenda zangu.

Mama mdogo, mdogo wake mama, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alikwishatuma salamu kwamba yuko njiani, na kwa miguu yake ile safari ya pili haipo. Nikasimamisha kibanda cha udongo penye majivu yetu, nikapika hivyo hivyo. Siku ya kwanza nikaweka sikio, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nilifunua ungo, nikapokewa na harufu ya matapishi. Nikaimwaga yote.

Asubuhi yake, nimekaa mbele ya mtungi mtupu, dada akaingia kwa nyuma, amefunika bakuli chini ya kapulana aliyojitanda, anatazama alikotoka.

"Shusha sauti. Shemeji yako yuko msikitini."

"Sijasema kitu."

"Basi usiseme." Akafunua. Ulikuwa unga wa vitumbua, mchele na nazi, umeumuka, vipovu vinapasuka juu kimoja kimoja. "Hivi uliwahi kujiuliza vitumbua vyangu vinaumuka kwa nini?"

Ndipo akanieleza. Alipoolewa, vitumbua vyake vilikuwa bapa kama kandambili, na mumewe anamsema. Bibi zao walikuwa wakiumua kwa tembo la mnazi, lakini bwana huyu alikataza tembo lisiingie kwake. Mama yangu akamsikia akilia nyuma ya ua. Akampitishia kikombe cha povu la pombe, akamwambia, tia kwenye unga, na kila siku ubakize kidogo, usimalize hata siku moja.

"Sijamaliza," dada akasema. "Tulipokimbia niliupaka kwenye kitambaa, nikauanika, nikaufunga kwenye fundo la kapulana. Kule kwa watu nikauamsha kwa maji ya vuguvugu."

"Miaka yote hiyo?"

"Ishirini na ushei. Na huyo anayeziba pua, kila asubuhi anakula vinne. Cha tano anakiomba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Mimi nabakiza kwenye bakuli," akasema. "Sikujua kwamba na yeye alikuwa anabakiza kwenye mtungi. Nikaona ni uchafu tu. Nisamehe."

Mimi si mtu wa kusamehe, anayenijua anajua. Nilimwambia akae, asinipotezee muda, tuteleke uji.

Tukapika wawili. Yeye anakoroga huku amegeuza uso kwa harufu, mimi namimina, na unga wake juu. Siku ya tatu alasiri nikaweka sikio. Dada akaweka lake upande wa pili, ushungi umemwenda kombo.

"Mbona wanaongea," akanong'ona. "Wanasema nini?"

"Wanakusema wewe na kisu chako."

Mama mdogo alifika na ndugu wanne. Kaka yangu pia alikuja, akasimama mbali, kofia mkononi. Nikamwaga kata ya kwanza pale penye majivu ya jiko la mama. Ya pili nikaipeleka kwa mikono miwili. Mama mdogo akanywa taratibu, akaishikilia mdomoni. Nilikuwa naangalia koo lake.

"Ni mkono wa dada yangu," akasema.

Nikakaa chini. Kaka nikampa kata ya mwisho, yenye machicha ya chini, lakini nilimpa.

Mama mdogo alikuwa bado anazungusha ulimi. "Lakini mwanangu," akasema, "mama yako iliki alianza kutia lini?"

Nikatazama ng'ambo ya ua. Dada alikuwa anakaanga vitumbua, ametupa mgongo, mabega yanamtikisika.

"Zamani, mama," nikasema. "Sisi ndio hatukujua."

Akanirudishia kata. "Basi niongeze."