Alimpa mumewe nati iliyochakaa

Saa tatu asubuhi, kelele za nyundo zimeshajaa gerejini. Kwenye kona ya nyuma, mwanamke aliyevaa ovaroli iliyopauka anapiga magoti mbele ya springi ya gari iliyobanwa kwa vyuma viwili. Anachukua nati mpya, anaiweka juu ya mhimili wa shokomzoba uliopita katikati ya springi na kuianza kwa vidole, taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

"Ikikwama hata kidogo, naitoa," anasema bila kuinua macho. "Nati hailazimishwi."

Mafundi wenzake humwita Bi Taratibu. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na watoto watatu.

Anaushika mhimili usizunguke, anakaza kwa spana yenye kipimo mpaka inalia tak! Ndipo anavilegeza vile vyuma, huku kidogo, kule kidogo, uso ameugeuzia ukutani. Vikishatoka, nguvu yote ya springi inazuiwa na nati hiyo moja.

Miaka sita iliyopita alikuwa mtunza stoo wa gereji hii hii. Kona hii ilikuwa ya mumewe. Siku moja nati mpya zilikuwa zimekwisha, mteja anapiga honi nje, na mwenye gereji akaamuru itumike moja ya zile kuukuu zilizobaki stoo.

"Mume wangu akaja dirishani pa stoo. Akasema, 'Mama watoto, nipe hiyo hiyo, tutafanyaje?' Nikaifuta kwa kitambaa. Niliona meno ya ile nati yameliwa. Nikampa, nikanyamaza."

Vyuma vilipolegezwa, nati iling'oka. Bamba la chuma lililokalia springi kwa juu liliruka likampiga chini ya kidevu. Gari pekee la kumkimbiza hospitali lilikuwa juu ya jeki, halina gurudumu. Walipopata jingine, alikuwa ameshakata roho.

"Msibani mama mkwe aliniuliza neno moja tu: 'Uliiona?' Nikamwambia, niliiona, mama. Hajanisemesha tena mpaka leo. Watoto wakienda kumwamkia bibi yao, mimi nabaki barabarani."

Mwenye gereji hapendi kulizungumzia. "Ajali haina kinga," anasema, akirudi kwenye simu yake.

Bi Taratibu akisikia maneno hayo hutabasamu upande mmoja. "Kinga ilikuwepo. Ilikuwa imeisha stoo."

Alipotoka eda, kazi ya stoo ilikuwa na mtu mwingine. Kona ya mumewe ilikuwa tupu. Hakuna fundi aliyetaka kupiga magoti pale. Akaiomba. Fundi mmoja mzee alimfundisha kwa miezi minane.

Malipo yao ni kwa idadi. Wenzake wanamaliza shokomzoba nane kwa siku, yeye nne, akijitahidi sana tano. Mwezi uliopita alisimamishwa wiki mbili bila malipo kwa kukataa kurudishia nati kuukuu. Nyumbani walikula mlo mmoja, na mtoto wa pili alirudishwa kutoka shule.

Vijana wa gereji humtania. "Bi Taratibu, hiyo nati unaifungisha ndoa?"

"Ndoa huvunjika," huwajibu. "Hii haina ruhusa."

Utani ukiisha, huchukua nati nyingine. Anakiri kwamba zipo siku huiacha kazi na kwenda chooni kunawa kwa maji baridi, kisha huanza upya.

Mpango wake sasa ni cheti cha ufundi. Gereji kubwa zina mashine inayoibana springi ndani ya kizimba cha chuma, lakini haziajiri fundi asiye na cheti. Mtihani wa kuandika alishaufeli mara moja. Atarudia mwezi ujao, na kila jioni binti yake mkubwa humsomea maswali huku yeye akifua.

Anaulizwa, akishafaulu, anatamani nini zaidi?

Anafikiri kidogo, akijifuta grisi kwenye kucha.

"Wenzangu wanaota kujenga nyumba. Mimi nataka kuzeeka tu, ndugu mwandishi. Nizeeke, wanangu wanichoke."