Uvundo wa Mihogo Yangu

Mihogo iliyolowekwa siku nne inanuka kama mzoga. Hata minye mwenyewe niliyeizoea tangu utoto, nikifunua pipa nageuza uso kwanza, natema mate, ndipo natia mkono. Ule ute unateleza kwenye vidole na harufu haitoki hata kwa sabuni.

Tunapanda mihogo michungu makusudi. Nguruwe wa pori akiitafuna mara moja, harudi. Sumu yake inatulindia shamba, na kisha maji na kuvunda vinaitoa.

Mtoto wangu alioa binti wa mjini, na walipohamia kwangu na mtoto wao, binti huyo alikuja na pua yake. "Mama, humu mulikufa panya?" Akajifunika kitenge. Majirani wanakuja kuomba bunga langu la mihogo, na minye nikaona haya ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Siku ya pili tu nikaitoa mihogo majini. Nilibonyeza, kidole hakikuzama. Nilijua haijaiva. Nikaanika, nikatwanga.

Bunga likatoka jeupe, bila harufu, nikaringa nalo. Bugali ulikuwa na uchungu kidogo. Mjukuu wangu wa kike, miaka mitano, akala sana, maana anapenda mkono wangu. Jua halijageuka, akaanza kutapika. Matapishi mazito, machachu, juu ya kitenge changu, katikati ya vidole vya miguu yangu, na shingo yake imelegea kama ya kuku aliyechinjwa. Nikambeba mgongoni mpaka kwa muganga wa hospitali, kichwa changu pia kikizunguka.

"Koko, mama mzee, mulilowesha siku ngapi?" muganga akaniuliza.

"Mbili."

"Na uzee wako wote huu, koko? Hiyo sumu inaitwa siyanire. Iko inaua."

Jina lilinisaidia nini? Kitu chenyewe nilikijua kabla muganga huyo hajazaliwa, na bado nilimlisha mtoto. Nilijichukia kuliko yale matapishi.

Kesho yake mjukuu alifungua macho, akaomba ndizi.

Sasa pipa liko karibu na mlango, na bibi ya mtoto wangu, yule binti wa mjini, ndiye anatia mkono, pua ameikunja. Juzi aliniletea kipande mpaka usoni.

"Mama, nusa. Imeoza ya kutosha?"

"Weye uliyekuja na pua, unaniuliza minye?"

"Nusa tu, mama. Mutoto atakula."

Nikanusa. Nikageuza uso, nikatema mate. Nikabonyeza, katikati palikuwa pagumu bado.

"Rudisha," nikamwambia. "Ioze siku moja tena."