Niliposema Babu Zake Walitoka Huku

Kuna watu pale Tunduma ambao mpaka leo wakiniona napita huulizana, tena kwa sauti ya kusikika, kama huyu siye yule aliyeolewa na kaka yake, na mimi nimeshazoea, napita zangu na kapu langu kichwani. Sina cha kukanusha, maana nusu ya wanaosema hivyo walikuwepo barazani siku yenyewe, na nusu nyingine walisimuliwa na hao. Aibu ile niliipika mwenyewe, kwa neno moja, nikiwa namenya viazi.

Nianze na mume. Jina lake Amosi, Mmarekani, mweusi kama mimi (siku zile wengi kwetu hawakuamini kwamba Wamarekani weusi wapo, wengine walidhani ni Mnyasa anayejidai). Alikuja Mbozi kama dereva na fundi wa Wazungu wawili wa kwao waliotaka kuliona lile jiwe la kimondo, wakaliona, wakalipiga picha, wakaligongagonga, kisha lori lao likavunjika ekseli, wao wakapata gari jingine wakaenda zao na Amosi akaachwa alinde lori na kungoja kipuri. Kipuri kilichelewa, malaria haikuchelewa. Mimi nilikuwa nasaidia wauguzi katika zahanati ya misheni, na kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza (nilikipata kwa mama mmoja wa Kizungu niliyemlelea watoto) nikapewa kazi ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Basi nikamuuliza. Mpaka kipuri kinafika sisi tulikwisha kufunga ndoa, na mama yangu alikwisha kulia na kunyamaza.

Shida ikaja lori lilipopona. Serikali ya upande wetu ilimwambia Amosi, kwa upole tu, kwamba yeye aliruhusiwa kuingia Tanganyika kwa ajili ya lori, kwa hiyo lori likiondoka naye aondoke. Sasa mimi kwa upande wa baba ni mtu wa ng'ambo, Rodeshia ya Kaskazini. Marehemu baba alizaliwa huko, shamba lake liko huko, mwendo wa asubuhi kutoka Tunduma, na mimi mwenyewe nimehesabiwa chini ya chifu wa huko (mpaka kwetu ulikuwa jambo la Wazungu, mama alikuwa akivuka kwenda kuomba chumvi). Tukaenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa upande ule, kijana wa Kizungu mrefu mwenye shingo nyekundu, nikamwomba mume wangu apewe ukaazi wa kudumu. Akaniambia hajawahi kuona mke akimwombea mume, siku zote ni mume anayemwombea mke, lakini hakuona pahali palipokatazwa. Alitaka kitu kimoja: ndugu zangu waje mbele yake siku ya baraza, waseme wanamjua mtu huyu na wanayo nafasi kwao ya kumweka. Wakisema hivyo, yeye angempelekea mkubwa wake maneno mazuri.

Ndugu zangu maana yake ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, maana yeye ndiye aliyeshika shamba na ndiye aliyekuwa mdomo wa ukoo wa Simwinga. Na baba mkubwa hakumtaka Amosi. Alitupokea vizuri, akatupa nyumba ya kulala, lakini aliniambia pembeni kwamba mtu asiye na kwao hawezi kukaribishwa kwa watu, kwa sababu akikosa huyo utamshitaki kwa nani. Nilimwelewa. Hata mimi ningesema hivyo kama asingekuwa mume wangu.

Siku ya pili wakakaa nje ya jiko, baba mkubwa na Amosi, na mimi nikiwa na kisu na viazi katikati yao kama mkalimani. Baba mkubwa aliwahi kuwa askari wa Kingi Jorji akapelekwa mpaka Bama kupigana na Wajapani, kwa hiyo mbele ya mgeni alikuwa hataki kusema Kinamwanga, ni Kiswahili tu, hata kama mgeni hajui vyote viwili. Akauliza babu zake huyu bwana ni watu wa wapi. Nikamfasiria Amosi, na Amosi akaanza kujibu, akajibu kwa kirefu, akasema bibi yake mzaa baba alikuwa mtoto wa watumwa waliochukuliwa Afrika wakauzwa ng'ambo ya bahari, kwamba hakuna aliyejua ni Afrika ya upande gani, kwamba bibi yule alikuwa na neno moja aliloliimba akisonga unga na hakuna aliyejua maana yake, na mengine mengi, na viazi vilikuwa vinangoja, maji yalikuwa yameshachemka. Nikaona nifupishe.

Nikasema, "Anasema babu zake walitoka huku."

Nilikuwa na maana ya Afrika. Baba mkubwa hakusikia Afrika. Aliweka chini kibuyu chake cha togwa, akamtazama Amosi masikio, akamtazama vidole vya miguu, kisha akauliza taratibu kama ni huku kwa Wanamwanga. Na hapo ndipo ningeweza kusema hapana, baba, namaanisha bara zima. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike uso wake kulainika, nami nikawaza kwamba nikimsahihisha tunarudi tulikotoka, basi nikasema Amosi hajui hasa ni wapi. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Nikainama kwenye viazi.

Lile asilolijua Amosi, baba mkubwa alimjulia. Palikuwa na ndugu wa babu yao, alisema, kijana aliyefuata msafara wa pembe za ndovu akiwa mpagazi asionekane tena, na huyo ndugu alikuwa na masikio yaliyosimama namna hii hii. Kufika jioni nyumba zote za jirani zilikwisha kuambiwa. Wanawake walikuja kumshika Amosi mashavu. Alipewa jembe, alipewa kuku, akapewa jina la ukoo, Simwinga, na mama yangu, aliyekuwa amevuka nasi, ambaye kwa desturi zetu alipaswa kumkwepa mkwewe njiani, aliambiwa akae naye sahani moja maana sasa ni mtoto wa nyumbani. Mama alikaa. Alikuwa ananitazama tu.

Amosi akaniuliza wanasemaje. Nikamwambia wanasema karibu nyumbani. (Hilo nalo lilikuwa kweli, ukilitazama neno kwa neno.)

Ambacho sikukitegemea ni yeye. Nilidhani atacheka, maana alikuwa mtu wa mzaha. Nilipomfasiria habari ya yule mpagazi hakucheka. Alimwomba baba mkubwa amwonyeshe njia aliyopita yule ndugu siku ile, na baba mkubwa akampeleka kwenye kijia kinachoshuka mtoni, ambacho mimi nadhani alikichagua kwa sababu kilikuwa karibu, na Amosi akasimama pale na kofia mkononi kwa muda mrefu hata ng'ombe wakataka kupita wakazunguka. Aliporudi alitaka kujifunza kusema kwa Kinamwanga, "Mimi ni Simwinga." Nilimfundisha. Nilijiambia nitamweleza baada ya baraza, tukishapata kibali, tukiwa wawili.

Siku ya baraza nilitegemea aje baba mkubwa na labda mzee mmoja wa kumsindikiza. Ukaja ukoo mzima. Walivaa walivyovaa Krismasi, wakaja na ngoma na mbuzi, na njiani wakaokota watu wa Tunduma waliotaka kujua kuna nini, hata tulipofika bomani askari wa mlangoni alidhani ni kesi ya uchawi. Bwana Shauri alikaa kwenye veranda na meza yake, kando yake mkalimani, Mbemba mmoja nadhifu sana mwenye miwani, sisi tukapewa benchi, na watu wakajaa uwanjani.

Baba mkubwa akasimama kiaskari. Akaulizwa kama anamjua mtu huyu. Akasema anamjua tangu babu yake. Uwanja ukaitikia. Akaulizwa kama ana nafasi ya kumweka, akasema mtoto haombewi nafasi kwao, na akaanza habari ya msafara wa pembe, akaisema vizuri kuliko alivyoisema nyumbani, hata wanawake wengine walilia, na Bwana Shauri akawa anatikisa kichwa kwa kupendezwa. Mimi nikaanza kuona kwamba huenda nimefanya jambo la maana.

Kisha mkalimani akauliza majina, kwa utaratibu tu.

"Mume?"

"Simwinga," akasema baba mkubwa.

"Na mke?"

"Namwinga."

Mkalimani akavua miwani. Kwa asiyejua, kwetu mwanamume wa ukoo ule ni Simwinga na mwanamke ni Namwinga, ni jina lile lile, ni damu moja, na watu wa damu moja hawaoani, hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Nyumbani hakuna aliyeliwaza kwa sababu ya furaha. Mkalimani akamwinamia Bwana Shauri akamnong'oneza, kisha akamgeukia baba mkubwa akamuuliza kwa heshima zote, "Mzee, kwa hiyo mmemwoza binti yenu kwa mtoto wenu?"

Baba mkubwa alimtazama Amosi, akanitazama mimi. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, wakacheka watu wa Tunduma wote, na watu wa ukoo wakaanza kuzozana wao kwa wao, bibi mmoja akapiga yowe kwamba ardhi itaharibika mvua isinyeshe, na baba mkubwa, kwa kukosa la kufanya, akanigeukia mimi akaniamuru niondoke kwenye benchi nilipokaa na yule kaka yangu. Nikaondoka. Nikasimama peke yangu katikati ya uwanja, kapu mkononi, sijui kwa nini nilikwenda barazani na kapu.

Amosi alikuwa haelewi kitu. Aliona tu kwamba ndugu zake wanagombana na mkewe amefukuzwa. Bwana Shauri akamuuliza kwa Kiingereza, na kwa ukali sasa, kama yeye ni Mmarekani au ni mwenyeji wa wilaya hii, maana akiwa Mmarekani basi watu hawa wanasema uongo, na akiwa mwenyeji hana haja ya kibali, ila aeleze pasipoti ile aliipata wapi. Amosi akasimama. Akanyoosha shati. Akasema kwa sauti kubwa, kwa Kinamwanga safi, yale maneno niliyomfundisha.

Uwanja mzima ukaangua kicheko upya, na yeye akadhani wamefurahi, akatabasamu.

Hapo sikuweza tena. Nikamwambia Bwana Shauri, kwa Kiswahili ili ukoo usikie, kwamba kosa ni la mkalimani, na mkalimani ni mimi, si huyu wa miwani. Nikaeleza viazi, nikaeleza neno "huku", kwamba nilikuwa na maana ya Afrika. Yule wa miwani akamnong'oneza Bwana Shauri, kisha akaongeza la kwake kwa sauti, "Mama, Afrika ni kubwa." Wakacheka tena, lakini mimi nilikuwa siwasikii, kwa sababu Bwana Shauri alikuwa amesema sharti mume naye aelezwe, nami ikabidi niseme yote yale tena kwa Kiingereza, nikimtazama Amosi usoni, tabasamu likiwa bado halijamtoka. Lilitoka polepole. Alivaa kofia yake, akakaa.

Bwana Shauri alisugua shingo yake. Nilijua atatufukuza. Badala yake akamuuliza baba mkubwa swali moja, na mkalimani akalifasiri bila kuongeza kitu safari hii. "Kama si damu yenu, bado mnamtaka?"

Baba mkubwa alikuwa amekaa chini kabisa, vumbini, askari mzima wa Bama. Alimtazama Amosi. Kisha akasema, "Nimekwisha kumzoesha chakula chetu. Nani mwingine atamchukua?"

Huo ndio ulikuwa ushahidi wetu. Bwana Shauri aliupeleka kwa wakubwa wake sijui kwa maneno gani, na jibu lilipokuja lilisema ukaazi wa kudumu haukupatikana, lakini mtu huyo anaweza kuendelea kuwepo mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Hakuna aliyewahi kuamua vinginevyo. Waliondoka Waingereza wote na Amosi bado anaendelea kuwepo, anatengeneza baiskeli na mashine za kusaga kwa pande zote mbili za mpaka. Mama alirudia kumkwepa mkwewe kama desturi inavyotaka, na ilimuuma, nadhani, maana walikuwa wamependana kwa sahani.

Lakini njiani siku ile tuliporudi Amosi alitembea mbele peke yake. Baada ya siku mbili alinikuta nafua mtoni, karibu na kile kijia, akasimama ng'ambo ya maji.

"Unajua kwa hakika kwamba si kweli babu zangu walitoka hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Hakuna anayejua.

"Basi usingesema si kweli," akasema. "Ungesema hujui."

Nikaendelea kufua, naye akavua viatu akavuka akaja kunisaidia kukamua mashuka. Tangu hapo watu wakiniita nifasiri, hospitalini au kwenye posa au kwa polisi, nawaambia mapema watafute kiti, kwa sababu nafasiri yote, ya maana na yasiyo na maana, na kama kuna chungu motoni kiepuliwe kwanza.