Aliyepasha Chupa kwa Tumbo Lake

Wiki ya kwanza baada ya Lomunokol kuondoka, wauguzi wa wodi ya watoto mjini Lodwar waliingia kazini asubuhi wakatega masikio bila kujua wanategea nini. Watoto walilia kama kawaida, ndoo ziligongana, upepo ulikwaruza mabati kwa mchanga. Kilichokosekana ni wimbo mmoja mfupi, wa sauti ya puani, wa kumsifu maksai wa rangi ya majivu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

Maksai huyo alikufa katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya sabini, pamoja na ng'ombe wengine wote wa Lomunokol. Mturkana asiye na mnyama hana la kuamkia. Alitembea hadi Lodwar na fimbo na kigoda chake, akaajiriwa hospitalini kuchota maji, kumwaga mabeseni na kuwashika watoto wanapodungwa sindano. Alikuwa mrefu, mkavu kama mgunga, na mikono yake haikujua kushika kitu kidogo ila kwa upole.

Stoo ya hospitali ilikuwa ya mabati. Chupa za maji ya dripu, za kioo wakati huo, zilitoka humo zikiunguza kiganja. Kwa hiyo Sista Keziah, mzaliwa wa Murang'a aliyekuwa mkuu wa wodi, alizihamishia kwenye friji ya mafuta ya taa, chini ya chanjo. Sasa zikawa zinatoka baridi. Mtoto aliyekaukiwa na maji akitundikiwa chupa kama hiyo alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Lomunokol alitazama hayo siku mbili. Siku ya tatu aliichukua chupa mezani, akaisukuma chini ya shati lake la kazi, akaikandamiza tumboni, akachuchumaa.

"Unafanya nini, mzee?" Keziah akauliza.

"Mbuzi ikizaa siku ya mvua, Sista, ile mtoto yake tunaweka hapa. Ikisikia joto, inanyonya."

Keziah alifikiri kidogo, akamwacha. Mtoto wa siku hiyo hakutetemeka.

Tangu hapo ikawa desturi. Lomunokol hakuwa na saa. Aliimba wimbo wa maksai wake mara tatu, taratibu, na ulipokwisha mara ya tatu chupa ilikuwa na joto la mwili. Wauguzi wakamwita Mzee Jiko.

"Mzee Jiko, hiyo mimba ina miezi mingapi?"

"Karibu, Sista. Leo iko mapacha."

"Na baba yao nani?"

"Si daktari? Yeye ndiye aliandika."

Kwa miaka mitano watoto walioletwa kama ngozi zilizoanikwa walitoka wakitembea. Kina mama wasiojua neno la Kiswahili waliwaonyesha wanao kwa kidole: yule pale. Lomunokol akajiona tena mtu mwenye zizi.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na tisa kipindupindu kikaingia Kakuma. Keziah na Lomunokol walipelekwa huko kwa Land Rover, chanjo na chupa zikiwa zimepangwa pamoja katika masanduku ya barafu, maana bila barafu zingechemka njiani. Walikuta mahema mawili kando ya mto mkavu, na watu wakiletwa juu ya ngozi.

Asubuhi ya tatu akaja mwanamke aitwaye Nabei, amembeba bintiye wa miaka kama minne. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Keziah alitafuta mshipa mkononi, akakosa, akaupata mguuni. Alitia sindano, akaibandika plasta, na papo hapo mtu akaanguka nje ya hema.

"Unganisha chupa, ufungue," akamwambia Lomunokol, akatoka.

Kazi hiyo aliijua. Alitoa chupa kwenye barafu, nayo ikamuuma viganja. Akagusa unyayo wa mtoto, nao ulikuwa baridi. Kwa miaka mitano mikono yake ilikuwa imejua jambo moja: mwenye baridi hapewi baridi. Akaitia chupa chini ya shati, akachuchumaa, akaimba. Nabei, ambaye alizijua nyimbo za namna hiyo tangu kwa baba yake, akamwitikia polepole. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akaitundika chupa, akaunganisha mrija, akafungua.

Halikushuka hata tone. Damu ilikuwa imeganda ndani ya sindano.

Keziah alirudi, akaing'oa, akatafuta mguu wa pili, mikono, shingo. Mishipa yote ilikuwa imelala.

"Ulikuwa unangoja nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

Lomunokol aliishusha chupa, akamnyooshea. Keziah aliipokea, akalisikia lile joto. Hakuwa amewahi kumwambia kwamba kuna ugonjwa usiongoja hata ubeti mmoja.

Mtoto alikata roho kabla ya adhuhuri. Chupa ile ile ikatundikwa kwa mzee wa mkeka wa pili, na mzee akapona.

Kabla ya kuondoka, Nabei alimfuata Lomunokol nyuma ya hema, akasema naye kwa Kiturkana.

"Ejok, umefanya vyema, baba. Nimeona ulivyomfanyia mwanangu maji yake. Hata mbuzi wangu sijawapakata hivyo."

"Mama, nilichelewa. Sikiliza. Ni mimi. Kama ningeifungua ile baridi, labda..."

"Umechelewa wewe?" Nabei akalitazama anga jeupe. "Hata mvua imechelewa."

Akamtilia tumbaku kiganjani, kama mtu anavyompa nduguye, akaenda. Lomunokol alitaka kutukanwa. Badala yake alishukuriwa, na shukrani ile hakujua aiweke wapi. Alisimama kiganja wazi mpaka upepo ukaichukua tumbaku yote.

Waliporudi Lodwar, Keziah alimpa chupa ya mtoto mwingine. "Huyu anaweza kungoja, mzee."

Aliishika kitambo, akairudisha mezani.

"Sista, mimi hapana jua tena nani anaweza kungoja."

Mwisho wa mwezi alilifua shati la kazi, akalikunja, akalirudisha. Keziah alimsindikiza hadi barabarani.

"Kosa ni langu pia, mzee."

"Iko yetu wawili," Lomunokol akasema. "Lakini mama alishukuru mimi peke yangu."

Sasa yuko Kaikor, mbali kaskazini. Ni mlinzi wa shule ya msingi.