Kabla hujajiunga na mgambo, jiulize utatumwa kwa nani

Salamu wakuu wa humu, na wakubwa shikamooni.

Juzi kuna kijana ameuliza kama kujiunga na jeshi la akiba, yaani mgambo, kuna faida. Majibu mengi ni fitness, sare na connection za ajira. Nimesoma yote nikachoka. Naeleza yangu kama yalivyokuwa, chumvi sitii, maana hata bila chumvi yananikaba.

Mimi ni wa Kiruruma, Karagwe. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na baba mkubwa. Namwita tata, ndivyo tunavyoita baba huku.

Tata ana kibanja cha ukoo, migomba na kahawa, na makaburi ya wazee wetu yamo humo humo. Upande wa chini, karibu na kaburi la baba, alishanionyesha pa kujenga siku nikioa.

Kwa msiojua, kibanja kwetu si shamba tu. Ukikosa nafasi humo, umekosa kwenu.

Nikajiunga na mgambo nikiwa na miaka ishirini na sita. Akili yote ilikuwa kwenye ajira, jeshini au kwenye kampuni ya ulinzi. Tata nilimwambia siku moja kabla, tena kama taarifa. Akasema tu, "Haya. Na maharage yatapaliliwa na nani?"

Nikamwambia nitapalilia nikitoka uwanjani.

Uongo mtupu. Mnaanza alfajiri, kukimbia, kupiga kwata, kusimama juani. Ukirudi nyumbani huna nguvu hata ya kumenya ndizi. Maharage yale aliyapalilia tata na mgongo wake unaomsumbua. Kwa hiyo kijana, kabla ya yote jiulize nani atashika jembe lako miezi hiyo.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: kwata inakuzoesha kujibu kabla hujafikiri. Afande akiuliza, mkono juu. Ukichelewa unapiga pushapu. Baada ya miezi kadhaa mkono unakuwa na akili zake.

Tukamaliza, tukapewa vyeti. Ajira niliyoiota haikuja. Tukawa tunaitwa kwenye kazi za hapa na pale, leo gulio, kesho mkutano wa kijiji.

Ndipo mnyauko ukaingia. Huu ni ugonjwa wa migomba, na shina likiugua linang'olewa lote na kufukiwa, la sivyo unahamia kwa jirani. Mgambo tukaitwa kumsaidia bwana shamba. Afande akatupanga mstari akauliza, "Nani anajua kibanja chenye ugonjwa?"

Mkono wangu ukawa wa kwanza juu.

Wakuu, dalili nilikuwa nimeziona kwa tata wiki hiyo hiyo. Ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Tata mwenyewe alikuwa anajua, akawa anakata mmoja mmoja kimya kimya huku akiomba Mungu.

Nilitakiwa nirudi nyumbani, nikae chini, nimwambie tata hili limeshatuzidi, twende sisi wenyewe kwa bwana shamba. Jambo la nyumbani linaanzia nyumbani, hata mtoto wa kwetu anajua. Mimi nililianzia kwenye mstari. Na jioni ile niliogopa kumwambia, nikalala kwa rafiki yangu mjini Kayanga.

Asubuhi tukaenda watu wanane. Mimi mbele na sare yangu, kwa sababu ndiye nilijua njia.

Tata alikuwa anatandaza majani makavu chini ya migomba. Nikasema, "Shikamoo tata." Akaitika, "Marahaba," halafu akawageukia wenzangu akawakaribisha.

Bwana shamba alimweleza kwa upole, na alichosema kilikuwa kweli. Sina ugomvi naye. Tata hakubisha. Alisema moja tu: "Mngeniambia jana ningewapikia."

Tulikata hadi mchana. Ugonjwa ulikuwa umejaa upande wa chini, ule ule wangu. Nilikata kwa mikono yangu mpaka kaburi la baba likabaki peupe, jua linalipiga. Niliona aibu ambayo haijaisha hadi leo.

Tulipomaliza, mama mkubwa akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kwetu mgeni haondoki bila kukaribishwa kahawa. Mtoto wa nyumbani hakaribishwi, anaingia ndani anachota mwenyewe.

Tata akapokea kikapu, akaanza kwa bwana shamba, kisha wenzangu mmoja mmoja. Akafika kwangu. Akakishika kwa mikono miwili akasema, "Karibu kahawa, mgeni wetu."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeomba msamaha pale pale. Nikachukua, nikatafuna.

Siku hizi nipo Isingiro, Kyerwa, nalima shamba la kukodi. Msamaha nilikwenda kuomba, na mzee mmoja wa ukoo. Tata akasema hana neno na mimi, na namwamini. Upande wa chini ameshapanda migomba mipya. Habari ya mimi kujenga haijatajwa tena, na mimi sina uso wa kuiuliza.

Kijana uliyeuliza, sikukatazi. Mnyauko ulikuwa lazima ukatwe. Ila askari anaweza kupelekwa mkoa mwingine asikojulikana, mgambo anatumwa kwa jirani, kwa shemeji, kwao. Kaa na watu wa nyumbani kwako kwanza, mambo ya sare yatafuata.

Mliopita mgambo, elezeni na yenu hapa chini. Na kama yupo aliyewahi kufanywa mgeni kwao kisha akarudi kuwa mtoto wa nyumbani, aniambie alianzia wapi. Mimi kila nikienda Kiruruma, hata sijakaa vizuri, naletewa kikapu.